Pumzi Ishirini

Sauti yake ilinifuata mpaka chooni. Nimefunga mlango, nimeketi, dakika mbili za kwangu mwenyewe tangu niripoti kazini, na sikioni Tulinagwe ananiambia kwa upole wake ule ule: "Sista Eufrasia, kitanda cha tisa kinakuhitaji. Samahani kwa kukusumbua."

Hakuwa Tulinagwe mwenyewe. Mwenyewe alikuwa upande wa pili wa wodi akibadilisha bandeji. Huyu wa sikioni alikuwa Kivuli, na Kivuli kilipewa sauti yake, kama kilivyopewa mwendo wake na busara yake. Wauguzi thelathini na mmoja wa jengo la upasuaji, Hospitali ya Rufaa ya Mtangula, tulitembea na kidude kidogo sikioni, na sote tulielekezwa na binti wa miaka thelathini na mbili ambaye mimi, kwa mikono yangu hii, nilimfundisha kutandika kitanda cha mgonjwa asiyeweza kuinuka.

Nina miaka ishirini na nane kazini. Nasema mapema ili nisije nikasifiwa bure huko mbele: nilimwonea wivu. Si ule wivu wa kutaniana kwenye chai. Nilikuwa nikimwona anacheka na mgonjwa, roho inaniuma. Wagonjwa walipouliza "Yule sista mwembamba yuko zamu gani?" nilijibu kwamba sijui, na nilikuwa najua.

Kivuli kilitengenezwa hivi. Profesa Kokuhirwa Rwegoshora, muuguzi aliyegeuka mtafiti, alikuja Mtangula na swali moja: kwa nini wagonjwa wa muuguzi mmoja hupona upesi kuliko wa mwenzake, ilhali dawa ni zile zile? Akatuvisha wauguzi kumi na wawili bangili nyembamba kwa miezi sita. Bangili ziliandika tulikopita, tuliposimama, kwa muda gani, na nani tulimrudia bila kuitwa. Mwishoni alichukua mienendo ya aliyefanya vizuri kuliko wote, akaiunganisha na vipimo alivyojaza kwenye kishikwambi, akaitia yote kwenye mashine. Mashine ikajifunza kuamua kama yeye. Tangu hapo hata muuguzi aliyeajiriwa jana aliweza kuambiwa aende wapi, amwangalie nani, aachane na nani kwanza.

Aliyefanya vizuri kuliko wote alikuwa Tulinagwe Mwasomola. Wa pili nilikuwa mimi, kwa tofauti ya alama nne katika elfu moja. Profesa alinishika mkono akasema, "Mama Mapunda, karibu sana ungekuwa wewe." Nikamshukuru. Lakini wa pili hasikiki sikioni mwa mtu yeyote.

*

Jumanne asubuhi Profesa alitukusanya kwenye ukumbi mdogo. Baridi ya Juni ilikuwa kali, kila mtu na sweta juu ya sare. Alikuwa na furaha ya mtu anayekaribia kumaliza kazi ya miaka mingi.

"Jumatatu Kivuli kinaanza kazi katika hospitali sitini," alisema. "Tulinagwe atakwenda nacho, kufundisha wenzake. Lakini nina zawadi nyingine. Nani anajua kipimo gani Kivuli hakikitumii kabisa?"

Alitutazama mmoja mmoja, kisha akajijibu.

"Pumzi! Joto lina uzito wake katika hesabu, presha, mapigo ya moyo, oksijeni, vyote. Pumzi ni sifuri. Tumejaribu kwa kila njia, haiongezi kitu. Kwa hiyo tunaitoa kwenye fomu. Dakika nzima kwa kila mgonjwa, jamani. Wodi ya watu arobaini, hizo ni dakika arobaini mnarudishiwa."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Anayefanya kazi hii ataelewa kwa nini. Vipimo vingine vyote vilichukuliwa na kibandiko kilichobandikwa kifuani mwa mgonjwa, lakini pumzi ilikishinda. Mgonjwa akikohoa, akicheka, akijigeuza, kinakosea. Basi pumzi ilibaki kuwa kazi ya macho: unasimama kando ya kitanda, unaangalia kifua kikipanda na kushuka, unahesabu dakika nzima bila kusema na mtu. Katika wodi yenye wauguzi wawili, dakika nzima ni kitu kikubwa.

Nami nilipiga makofi. Tulinagwe aliitwa mbele, akasimama pale akitazama viatu vyake, na Profesa akamkumbatia. Nikajiambia kwamba kuna kosa mahali fulani katika mashine ile, lazima liwepo, na kwamba nina siku tatu za kulitafuta kabla Profesa hajaenda makao makuu kuweka saini. Sikuwa nafikiria wagonjwa hata kidogo.

*

Jumatano nilianza upelelezi wangu. Nilikwenda stoo nikachukua mashine ya presha ya zamani, ile ya kupampu kwa mkono, na kipimajoto cha kuweka kwapani. Kila Kivuli kilipotaja kipimo, mimi nilikipima upya. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama umeme umekatika.

Vyote vilikubaliana. Presha sawa, joto sawa, mapigo sawa. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshika vipimo vya watu kumi na watatu na sijapata hata kosa moja la kumcheka Tulinagwe. Kilichobaki kilikuwa pumzi. Sikumbuki mara ya mwisho nilipohesabu pumzi za mtu, nami sikuwa peke yangu katika hilo. Lakini wivu una bidii. Nilivuta kiti kando ya kitanda cha kumi na moja, nikatazama saa.

Pale alilala Bi. Melania Haule, fundi cherehani, siku ya tatu tangu arekebishwe nyonga. Alikuwa mcheshi, jana yake tu alinikosoa pindo la sare yangu.

"Unanitazama nini, sista," alisema. Akapumzika. "Kama unanidai."

"Nakutazama tu, mama. Usiongee."

"Sista Eufrasia," Kivuli kilisema sikioni, "Bi. Haule ametulia. Kitanda cha kumi na nne kinakungoja."

Nikakitoa kidude sikioni, nikakitia mfukoni. Nikahesabu. Thelathini na nne. Nikahesabu tena kwa dakika nzima nyingine. Thelathini na sita. Mtu mzima aliyelala kimya hapaswi kuvuka ishirini. Kibandiko kilionyesha oksijeni tisini na nne, mapigo tisini na nane, joto la kawaida. Vyote vya mtu wa siku ya tatu baada ya upasuaji.

Nitasema ukweli wote. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Nilikaa kwenye kiti kile, mwanamke akihangaika kuvuta hewa mbele yangu, na moyoni nikasema: nimempata. Nimempata Tulinagwe. Sekunde kadhaa zilipita hivyo. Halafu Bi. Haule akanishika mkono, vidole vyake vya baridi, nikaogopa, na woga ule ulikuwa wa aina mbili kwa pamoja: wa kumpoteza yeye, na wa ile furaha yangu.

Nilimwita Daktari Ngonyani kwa simu.

"Kivuli kinasemaje?" aliuliza.

"Kinasema ametulia."

"Sasa?"

"Sasa mimi nasema hajatulia. Pumzi thelathini na sita, dokta. Nimehesabu mara mbili. Njoo."

"Umehesabu?" Aliuliza kama mtu aliyeambiwa nimekwenda kuchota maji kisimani. Lakini alikuja, na alipomsikiliza kifua alisahau kunikejeli. Bi. Haule alisukumwa haraka kwenda kupigwa picha ya kifua. Donge la damu lilikuwa limekwama kwenye pafu. Alipofikishwa chumba cha uangalizi maalumu, oksijeni yake ilianza kuporomoka, na hapo ndipo Kivuli kilipopiga kelele mfukoni mwangu kwa sauti ya Tulinagwe: "Sista, haraka! Kitanda cha kumi na moja!" Kilikuwa kimechelewa kwa dakika hamsini.

*

Kama sista mkuu wa wodi nina ruhusa ya kufungua kumbukumbu zote. Alhamisi mchana niliketi mbele ya kompyuta nikafungua miezi sita ya Tulinagwe, ile ile iliyokifundisha Kivuli. Pumzi alizojaza zilikuwa elfu tatu mia tisa na sita. Nilishuka nazo kurasa kwa kurasa. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Mgonjwa wa kidole tumbo ishirini, mgonjwa wa ini ishirini, babu aliyefariki saa mbili baadaye ishirini. Hapa na pale kumi na nane, za kupambia.

Nikaelewa mara moja. Mashine ilikuwa imeonyeshwa wazima na mahututi wote wakipumua sawasawa, ikahitimisha kwa haki kabisa kwamba pumzi haisemi lolote. Na huo uongo mdogo wa wodini ulikuwa umepewa jina la matokeo ya utafiti, na Jumatatu ungefika hospitali sitini, na fomu isingekuwa tena na mahali pa kuuliza.

Nilichapisha kurasa zote. Nilizipanga kingo zikalingana. Nilikuwa nikiimba kwa sauti ya chini, nakumbuka.

Tulinagwe alikuwa chumba cha chai, peke yake, na chupa ya chai na nusu andazi.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba." Nikaweka karatasi mbele yake. "Hizi nini?"

Alizitazama. Hakuzichukua. "Nimesikia habari ya Bi. Haule," alisema. "Tangu jana sijalala. Anaendeleaje?"

"Anaishi. Nimekuuliza hizi nini."

"Ni pumzi."

"Ni pumzi! Elfu tatu na zaidi, na hukuhesabu hata moja. Muuguzi wa mfano! Umesimama pale unapigiwa vigelegele, unajua kabisa. Ulikuwa unajua, Tulinagwe?"

"Jumanne nilijua. Profesa aliposema sifuri, nilijua." Macho yake yalijaa machozi lakini sauti haikutetemeka, na hilo nalo likaniudhi. "Nilitaka kusema. Nikaona akinikumbatia, nikashindwa."

"Ulishindwa! Watu wangekufa."

"Ndiyo, sista."

"Nani alikufundisha upuuzi huu? Chuo gani hicho?"

Akaninyanyulia uso. Alikuwa na mshangao wa kweli, mtu asiyejua kama anataniwa.

"Sista, kila mgonjwa wa kumi unaandika kumi na nane," alisema taratibu, "ili mkaguzi asishtuke."

Nikaketi.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza, miaka minane nyuma. Wodi ya watu arobaini na watatu, wauguzi wawili, yeye na mimi. Nilimkuta amesimama kando ya kitanda, saa mkononi, midomo ikicheza, na dawa za saa nne zilikuwa hazijatolewa. Nilimpokonya fomu. Nilimwambia, na maneno ninayakumbuka kwa kuwa niliwaambia wengi kabla na baada yake: "Binti, ukikaa kuhesabu, hawa wengine atawapa dawa nani? Andika ishirini. Anayepumua vibaya utamwona tu." Kisha nikamwonyesha habari ya kumi na nane.

Na ni kweli, sisi tulimwona. Hilo ndilo nililotaka kumwambia kila mtu kujitetea. Tulikuwa tukipita mlangoni tunamwona mtu mabega yanapanda, pua inatanuka, tunamkimbilia. Jicho liliona na mkono ukaandika ishirini. Lakini mashine haikupewa jicho. Ilipewa karatasi.

"Kesho nitamwambia Profesa kabla hajaondoka," alisema Tulinagwe. "Nitasema ni mimi. Wewe sitakutaja."

"Kwa nini usinitaje?"

"Wewe ni mama yangu kazini. Unastaafu mwakani. Leseni yako wataichezea ya nini?" Akanisogezea nusu andazi lake, kwa mazoea tu, kama tunavyogawana siku zote.

Basi hata kwa heshima alikuwa amenizidi. Nilitoka pale bila kuaga. Nilikuwa nimekuja kumwangusha, naye alikuwa tayari kuanguka kwa ajili yangu, na wivu wangu, badala ya kupungua, uliongezeka.

*

Ijumaa saa tatu tulisimama mbele ya meza ya Profesa. Koti alishalivaa, begi liko kitini, gari linangoja. Tulinagwe alieleza yote kwa maneno machache: hakuhesabu, aliandika ishirini, Bi. Haule nusura afe, Kivuli kisiende popote. Profesa alisikiliza huku akifunua kurasa nilizochapisha.

"Data yote hii," alisema. "Elfu tatu." Alivua miwani. "Nani alikufundisha?"

"Nilijifunza mwenyewe, Profesa."

Pale ndipo nilipopewa kila nilichotamani. Sikuhitaji kufungua mdomo. Sauti yake ingetolewa masikioni mwetu, jina lake lingefutwa, angepelekwa mbele ya Baraza la Wauguzi, na labda Profesa angenigeukia akasema, basi tuanze upya na Mama Mapunda. Hili la mwisho nililiwaza kwa maneno kamili. Nilimtazama binti yule alivyosimama wima akidanganya kwa ajili yangu. Kama asingekuwa mwema kiasi kile huenda ningenyamaza. Lakini kumwachia na wema wote peke yake sikuweza.

"Anasema uongo," nilisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Ishirini, na kila wa kumi kumi na nane. Nimewafundisha wengi. Fungua kumbukumbu zangu, utakuta hayo hayo. Fungua za wote kumi na wawili."

"Mama Mapunda," Profesa alisema polepole, "watu wameniambia humpendi huyu dada."

"Wivu ninao, sikatai. Ndiyo maana nilihesabu. Nilikuwa natafuta kosa lake nikakuta langu."

Tulinagwe alinishika kiwiko ninyamaze. Nikautoa mkono wake.

Profesa alifungua kompyuta. Alifungua kumbukumbu zangu, kisha za mwingine, kisha za mwingine. Kioo cha miwani mezani kilionyesha safu zikipanda. Dereva alichungulia mlangoni, akaambiwa azime gari.

"Niliziona hizi ishirini," alisema hatimaye. "Mwaka jana. Wasaidizi wangu waliniuliza mbona zinafanana. Nikawaambia ni kwa sababu wodi hii ni tulivu." Alifunga kompyuta. "Mimi nimefanya kazi wodini miaka tisa. Nilijua. Kwetu tulikuwa tunaandika ishirini na mbili."

Akavua koti, akapiga simu makao makuu, akasema Jumatatu hakuna kinachoanza. Kisha akachukua karatasi safi, akaandika majina matatu ya kupeleka barazani, na la kwanza lilikuwa lake.

*

Leo ni wiki ya tano. Baraza halijatuita. Vidude vya masikioni viko kwenye boksi, na wodi imekuwa kimya hata wagonjwa wanashangaa. Profesa ameanza upya: pumzi za kila mgonjwa zinahesabiwa na wauguzi wawili kwa wakati mmoja, mmoja kila upande wa kitanda, kila mtu anaandika yake bila kuonyeshana, na zikitofautiana wanarudia. Dawa zinachelewa. Juzi wameletwa wauguzi wawili wa kutusaidia, baada ya ripoti kusema waziwazi kwa nini tulikuwa tunaandika ishirini.

Mimi napangiwa na Tulinagwe. Sijui nani alipanga hivyo.

Asubuhi hii tulikuwa kwa Bi. Haule, aliyerudi wodini akiwa amepungua lakini anaongea kupita kiasi, ikabidi tumwombe anyamaze. Tulisimama, yeye kushoto, mimi kulia, tukatazama kifua cha mama yule kwa dakika nzima. Nilikuwa makini. Nilitaka kupata sawa kuliko nilivyotaka kitu kingine siku hiyo. Nikaandika kumi na nane. Tulinagwe akaandika kumi na tisa.

"Turudie, sista," alisema.

Tukarudia. Safari hii nilihesabu kwa kidole kwenye paja, na katikati ya dakika niliona pumzi moja fupi, ndogo, iliyopita kati ya mbili kubwa, ambayo kwa hakika mwanzoni niliiruka.

"Ngapi?" aliuliza.

Moyo uliniuma, pale pale penye maumivu yangu ya siku zote.

"Kumi na tisa," nilisema, nikaifuta kumi na nane yangu.